Santuri Aliyoichukua Mtani

Juzi kwenye arusi ya jirani, kijana wa muziki alipiga taarabu ya zamani iliyorekodiwa ukumbini, mbele za watu. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa unasikia viti vinaburuzwa, mtoto analia, na mwanamume mmoja huko nyuma anasema, "Haya mama, tuue!" Wenzangu wakainuka kwenda kutunza. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka. Binti yangu akanifuata mbio mpaka barabarani. "Mama, nani kakuudhi?" Nikamwambia hakuna aliyeniudhi, rudi ukale pilau. Ningemwambia nini? Kwamba nikisikia watu wamekaa ukumbini wanafurahi, watu ambao pengine wote wameshazikwa, machozi yananitoka kabla ya wimbo wenyewe? Angesema mama kazeeka. Kweli nimezeeka, lakini jambo hili lilianza nikiwa sijaota hata meno yangu yote ya pili.

Nyumba yetu ilikuwa Tabora, mtaa wa Chemchem, ya udongo na paa la bati. Baba alikuwa fundi cherehani, na kibaraza ndicho kilichokuwa duka lake, kwa hiyo nyumba nzima ilinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Tuliishi wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi, mzaa mama, aliyekuwa mjane. Mama alikuwa mwimbaji. Nikisema mwimbaji msifikirie mambo makubwa. Alitwanga, alipika, na alinichapa kama mama yeyote. Lakini chama chao cha akina mama, kilichoanza kwa ngoma za arusi, kiliingia michezo ya kuimba. Hadithi ilichezwa jukwaani, na kila neno zito liliimbwa; kuongea kulikuwa kidogo tu. Walicheza kwenye ukumbi wa ustawi wa jamii, ule ambao watu wazima waliuita welfea.

Maneno hayakukosekana. Mke wa mtu apande jukwaani! Wazee wa msikitini wakaja kibarazani kumpa Baba nasaha, Baba akawasikiliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Mwisho akasema, "Magauni yao nashona mimi. Nikimkataza mke wangu, nitamvisha nani?" Wakaondoka wakicheka, na shauri likaishia hapo.

Mchezo uliowapa jina ulihusu mambo ya misafara. Mnyamwezi mmoja anabebeshwa pembe za ndovu kwenda pwani, anamwacha mkewe mlangoni, harudi. Mke huyo alikuwa Mama. Mchezo mzima alikaa palepale mlangoni na kinu chake, wengine wakipita na kwenda, na kila mara alikuwa na ubeti wake:

Mume wangu kenda pwani, pembe ipo mabegani,
Mvua tatu zimepita, mlango sifungi ndani.

Siku moja ikaja habari kwamba Mzungu wa santuri atashuka kwenye treni na masanduku yake, atawarekodi. Wenzao wa miji mingine walikuwa wanaitwa chumbani, wanafungiwa, wanaambiwa waimbe wasipumue. Huyu akasema hapana, atauchukua mchezo ulivyo, siku ya watu. Akatandaza nyaya zake mbele ya jukwaa, welfea ikajaa mpaka madirishani. Mimi nilikuwapo, tena mstari wa mbele, na mnajua nilichofanya? Nililala. Nililala mapajani mwa Bibi tangu mwanzo mpaka watu walipoanza kutoka. Basi nilichokikosa kwa usingizi nilikuja kukipata kwenye santuri.

Ilichukua muda mrefu sana kufika. Ilikwenda ikatengenezwe huko mbali, ikarudi kwa treni, imefungwa kwenye majani makavu kama mayai. Baba tayari alishanunua gramafoni kuukuu, akaipaka mafuta ya cherehani, akaitia ufunguo. Sindano ikakwaruza kidogo, halafu watu wakajaa chumbani kwetu. Sijui niseme vipi. Nilisikia kikohozi cha mzee, nikasikia "shh!", nikasikia Mama akianza ule ubeti, na yeye mwenyewe akiwa amekaa mkekani pembeni yangu, mdomo umefumba.

Kati ya ubeti wa pili na wa tatu kulikuwa na mtu. Watu wametulia, wengine wanafikicha macho, mara sauti nene kutoka nyuma: "Usimngoje, mpagazi! Tumeshamwoza kwetu!" Welfea ikalipuka kwa kicheko. Na Mama, bila kungoja, bila kutoka kwenye sauti ya wimbo, akamjibu:

Mmemwoza? Mlisheni, lakini mtajuta jamani,
Dafu halimshibishi, hula chungu cha jikoni!

Vina havikukaa sawasawa, lakini nani alijali? Halafu akacheka, kidogo tu, kicheko cha puani, akarudi kwenye huzuni yake kama aliyechungulia dirishani tu. Watu wakanyamaza tena.

Mtu yule aliitwa Kondo. Alikuwa Mzaramo, anafanya kazi reli, ya kuunganisha mabehewa. Nyinyi wa rika langu mnajua Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana kunakuwaje. Utani wetu na wao ni wa tangu misafara, babu zetu walipofika pwani na mizigo yao. Mtani atakutukana, atakula chakula chako, atatwaa kitu chako nyumbani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa. Kondo alipita kwetu mara kwa mara. Mama alikuwa "mpagazi", Bibi alikuwa "mke wangu mkubwa", mimi nilikuwa "kimzigo". Nikimwamkia "shikamoo" alijibu, "Marahaba, kimzigo, utabebwa lini?" Mimi sikumpenda. Niliona ameuharibu wimbo wa Mama, na sasa uharibifu wake umeandikwa kwenye santuri hautoki tena.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda, maana hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipopotelea. Santuri ilifika, na Mama akaanza kupoteza sauti. Mwanzo ulikuwa mkwaruzo. Bibi akampa asali ya nyuki wadogo na ndimu. Kisha kikohozi, asubuhi na jioni, kikavu, halafu si kikavu. Kisha hakuweza kuimba ubeti mzima. Kisha akawa anaongea kwa kunong'ona, na mimi nikatumwa kupeleka maneno yake chumba hadi chumba. Akakonda. Hospitali wakasema ni kifua, wakampa dawa, wakasema kikombe chake kitengwe na mimi nisilale naye. Majirani wakasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wakasema uani, si usoni kwake.

Jioni Baba alikuwa akipiga santuri ili Mama afurahi. Mama mwenye sauti akaimba kutoka kwenye gramafoni, na Mama asiye na sauti akasikiliza kitandani. Bibi alikaa kati yao, anatazama huku, anatazama kule. Siku moja akapiga kofi gotini kwake.

"Nywele zetu tunazika," akasema. "Kucha tunazika. Hata kitovu cha mtoto tunakificha mtu asikione. Sauti, ambayo ndiyo pumzi yenyewe, tunampa Mzungu apande nayo treni?"

Baba akasema, "Mama, hayo ya zamani."

"Ya zamani? Haya, niambie wewe wa sasa. Sauti iliondoka hapa ikiwa kooni kwa mwanangu. Imerudi kwenye sahani. Kooni imerudi?"

 Mimi nikaona jambo zima limenyooka. Nilikuwa nimeshaona Bibi akifukia nywele zangu nyuma ya choo, nilijua hatari ya kitu chako kuokotwa na mtu. Kama sauti ilikuwa imeingia mle, basi lazima kuna namna ya kuitoa. Bibi akaenda kwa mganga mmoja upande wa Urambo, akarudi na jibu: santuri ivunjwe njia panda, siku ya Ijumaa, baada ya sala, na vipande viloweshwe kwenye maji ambayo mgonjwa atakunywa. Sauti itarudi, na pumzi itaifuata. Baba alikataa kwa siku kadhaa. Lakini mtu anayemwona mkewe anayeyuka atakataa mpaka lini? Akakubali. Mimi nilifurahi! Nilikwenda mwenyewe kuchagua jiwe. Nikalificha chini ya kitanda changu, jiwe zuri la mviringo, zito, nikawa naligusa kila asubuhi. Hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko ile Ijumaa.

Kuta zetu zilikuwa za udongo, na maneno ya sebuleni yalifika chumbani bila taabu. Mama aliyasikia yote.  Jumatano akaniita, akaninong'oneza nisimame mlangoni nisisogee karibu.

"Nenda reli," akasema. "Mwambie mtani aje anitukane. Nimechoka kuhurumiwa."

Nikaenda, nimenuna, nikipiga teke mawe ya njiani. Nilimkuta Kondo kati ya mabehewa mawili, mikono myeusi kwa grisi. Nikamwambia alivyosema Mama, nilitegemea acheke. Hakucheka. Alinawa mikono kwa mchanga na mafuta ya taa, polepole, kidole kwa kidole, akanifuata.

Alikaa na Mama chumbani muda mrefu. Tulisikia akisema kwa nguvu, "Mpagazi gani wewe, unalala mchana, mzigo utabebwa na nani?" na tukasikia kikohozi cha Mama kilichochanganyika na kicheko. Kisha hatukusikia kitu. Alipotoka, alipita moja kwa moja mpaka kwenye gramafoni, akaitoa santuri, akaiweka kwapani.

"Hii nachukua," akasema. "Sauti yangu imo humu, na sijalipwa."

Baba akasimama, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Nilidhani atampiga. Lakini angefanyaje? Mtani hanuniwi. Bibi, kwa kuwa alijua taratibu, akakimbia uani akarudi na jogoo. Ndivyo ilivyo, mtani akitwaa kitu unakikomboa kwa kitu kingine, anacheka, anakuachia.

"Haya, mume wangu, jogoo huyu hapa. Tuachie sahani yetu. Ijumaa tuna kazi nayo."

Kondo akampokea jogoo, akamshika miguu. "Asante, mke wangu. Na jogoo nachukua." Akatoka na vyote viwili.

Bibi alibaki amesimama na manyoya mkononi. Jambo hilo halijawahi kutokea. Ukombozi ukishapokelewa, kitu hurudi! Mimi nilimkimbilia mpaka njiani, nikamshika shati, nikalia, "Mrudishie Mama! Mrudishie!" Akaninyanyua na kuniweka pembeni kama mtu anayesogeza stuli, akaenda zake bila kugeuka. Baba akamfuata jioni mpaka nyumba za reli, akaambiwa Kondo amepanda garimoshi la mizigo kwenda kazini njiani. Ijumaa ikaja, ikapita, jiwe langu likiwa chini ya kitanda. Jumapili alfajiri Mama akafariki.

Basi mnataka nifikirie nini mtoto mimi? Muuaji nilimjua. Dawa ilikuwapo, siku ilikuwapo, jiwe lilikuwapo, na Mzaramo akaja akaondoka na pumzi ya mama yangu kwapani. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona kila mtu anajua.

Na alikuja mazikoni, mwenzangu! Mama ameshaoshwa, ameshakafiniwa, wanaume wameinua jeneza, wanataka kutoka, na huyu hapa Kondo, amelala chali kwenye kizingiti, kikapu kikuukuu kichwani, amejifunga kitambaa cha kichwa cha Mama kile cha jukwaani. "Hapiti mtu!" anapiga kelele. "Zamani mlipopita kwa watemi mlitoa hongo ya njia. Mpagazi huyu hapiti kwangu bila hongo! Anakwenda wapi na deni la ubeti?" Akainuka, akatembea kama Mama alivyokuwa akitembea jukwaani, kiuno na mabega, akakaa chini kutwanga kinu kisichokuwapo. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wanalia. Bibi mwenyewe, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajasema neno wala hajatoa chozi, akashika ubavu, akacheka mpaka akalegea, na ndipo machozi yake yakatoka, mengi, hayakatiki. Wakampa Kondo bakuli la karanga, akainuka, akawapisha.

Siku hizi najua kazi aliyoifanya. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumfungua mtu aliyefungika kwa majonzi. Siku ile nilichoona ni mwizi anamchezea mama yangu. Nikamwendea nikamng'ata mkono. Nilimng'ata sawasawa, nikasikia chumvi ya damu.

"Loo!" akasema, anautikisa mkono. "Kimzigo kina meno ya fisi!" Wakacheka tena. Yeye alikuwa akinitazama, hakuwa anacheka.

Muda si mrefu akahamishiwa stesheni nyingine huko kwenye reli, na hatukumwona tena. Kwangu mimi alikuwa amekimbia. Kila treni ilipopiga honi niliwaza kwamba Mama yumo, kwenye sanduku la yule mtu, anapelekwa huku na huku. Baba hakupiga tena gramafoni. Bibi aliitandikia kitambaa cha kufuma, ikawa meza. Bibi hakumtaja Mzaramo kwa jina. Alisema "yule". Yule alichukua jogoo wangu. Hakusema alichukua kitu kingine, lakini alipomwota Mama aliamka akisema, "Siku mbili tu. Ingekuwa siku mbili kabla."

Kilichoniuma zaidi kilikuja polepole. Nilisahau. Maneno ya wimbo niliyashika, ningeweza kuyasema usingizini, lakini sauti iliyoyasema ilifutika. Nilichobaki nacho ni kule kunong'ona kwake mlangoni. Nilikaa uani nikijaribu kumwita kichwani aimbe, naye kila mara akaninong'oneza. Niliwahi kumwomba Baba aniigizie. Alijaribu, maskini, na uzi mdomoni. Tukaacha.

Nilikuwa mwari, nimeshaanza kuposwa, mchana mmoja wa jua kali mtu mzima akapiga hodi na sanduku la bati. Mvi kichwa kizima. Bibi akafinya macho. "Yule," akasema.

"Ni mimi, mke wangu. Nimestaafu. Narudi kwetu pwani, treni inaondoka jioni."

Baba akamkaribisha kibarazani. Bibi akaniambia nimwamkie. Sikumwamkia. Nilisimama mlangoni, nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekitafuna miaka yote ile: "Wewe ndiye uliyemuua Mama."

Baba akasema, "Ala!" Lakini Kondo aliinua mkono kumzuia. Aliketi chini, juu ya saruji, akafungua sanduku. Ndani, kati ya makoti mawili ya kazi, ilikuwa santuri, bado na karatasi yake. Akaiweka magotini.

"Mama yako alikuwa ameshaambiwa na daktari," akasema. "Alijua hafiki mbali. Akaniita, akaniambia, mtani, wataivunja Ijumaa, na mimi nitakufa, halafu watabaki na nini? Mtoto wangu atabaki na nini? Nikamwambia basi wakataze. Akasema, nikiwakataza na nikifa, mama yangu atasema ningeivunja angepona, na mume wangu atasema ningemlazimisha. Watajilaumu mpaka kaburini. Kwa hiyo ichukue wewe. Bora wakulaumu wewe. Wewe umezoea kutukanwa."

 Kondo akafuta vumbi lisilokuwapo kwenye ile karatasi.

"Akasema nikupe wewe, kimzigo. Si mara moja. Akasema, mpe akishakuwa mkubwa, aweze kunisikiliza bila kutaka kunitoa mle." Akajaribu kutabasamu. "Akanibebesha mzigo, yule. Mzaramo kubebeshwa mzigo na Mnyamwezi, mmeona wapi?"

Nikamwuliza kama alikuwa akiipiga. Akasema, "Niipige na nini? Sina gramafoni. Na ningekuwa nayo, haikuwa yangu."

Baba aliinuka, akaondoa kitambaa cha kufuma. Springi ya gramafoni ilikuwa imekakamaa, akaitia mafuta ya cherehani, akazungusha, akangoja, akazungusha tena. Aliporidhika, mimi nikaishika sindano nikaiteremsha.

Viti vikaburuzwa. Mtu akasema "shh!" Na Mama akaimba. Ee Mungu wangu. Ilikuwa sauti pana kuliko nilivyodhani, nzito kidogo chini, ya mwanamke aliyeshiba, wala haikuwa nyembamba kama nilivyokuwa nimeitengeneza kichwani. Ndiyo hiyo! Ndivyo alivyokuwa! Nililia kwa sauti, sikujali mwari anatakiwa aonekaneje. Kondo wa siku zile akapiga ukelele wake huko nyuma ya ukumbi, na Kondo mwenye mvi akainamisha kichwa. Mama akamjibu, akacheka kile kicheko cha puani. Baba akatabasamu, akautazama ukuta. Ubeti wa tatu ukaja, ukaisha, na juu yake kikapanda kigelegele kikubwa, kirefu, karibu kabisa na chombo cha Mzungu. Kilikuwa cha Bibi. Kila mtu pale alikijua.

Na chini ya kigelegele kile, Mama akakohoa.

Mara moja, halafu tena, kikohozi kilekile kikavu, cha mtu anayejizuia asisikike. Zamani hatukukisikia. Nadhani siku ya kwanza tulisikia kigelegele tu, na baadaye nyumba nzima ilikuwa imejaa kikohozi, nani angejua kimoja kinatoka kwenye gramafoni? Sasa nyumba ilikuwa kimya. Tulikisikia wote. Aliingia jukwaani nacho. Alikuwa nacho tangu Mzungu akiwa bado ananyoosha nyaya zake, santuri ikiwa bado haijazaliwa.

Bibi aliweka kiganja mdomoni. "Nilikuwa mbele yake," akasema. "Nilikuwa mstari wa mbele, mkono ungemfikia. Mwanangu anakohoa, na mimi napiga kigelegele."

Baba akasema, "Mama, hukujua." Hakumsikia. Alimgeukia Kondo, uso wote umelowa, akamvuta shati kwenye bega, kama mtu anayeomba maji.

"Mzaramo," akasema. "Sema kitu. Nitukane. Nitukane, mume wangu, niokoe."

Kondo akafungua kinywa. Tukamngoja sote, mimi, Baba na Bibi, maana hiyo ndiyo haki yetu kwake na ndiyo kazi yake kwetu. Akakifumba tena.

"Leo sina, bi mkubwa," akasema. "Wallahi, leo sina."

Santuri ilikuwa imefika mwisho, inazunguka na kukwaruza tu. Hakuna aliyenyanyuka kuinua sindano.